Mita Kumi na Moja

4 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako siku hizi ni ya kulia tu. Inalia mpaka inachoka, halafu yule mama wa kwenye mashine ananiambia nijaribu tena baadaye. Jana nilijaribu baadaye mara nane. Na ukinijibu, jibu kwa karatasi vilevile, nataka maneno yako niwe nayo mkononi.

Jumatatu asubuhi nimefika bustanini nikakuta vibarua wanne wa fundi vyuma, yule aliyenunua kiwanja cha upande wa pili wa njia. Wamerundika mifuko yangu ya miche ya michungwa kama takataka. Mingine imepasuka, mizizi iko juani. Na wanachimba msingi wa ukuta, si pembeni mwa njia bali ndani ya bustani yangu. Pampu ya maji imebaki upande wake! Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Fundi akaja, tena kwa adabu zote, akatoa simu akanifungulia ramani ya ofisi yenu. "Dada, kiwanja changu kinaishia ukingoni mwa njia. Njia hii hapa. Mimi sikuichora." Na kweli, kwenye ramani njia inapita katikati ya miche yangu. Njia ileile yenye mtaro upande wa kushoto, ulipoanguka ukavunja jino ukienda shule, leo ramani inasema iko kulia zaidi, ndani kwangu. Nikachukua utepe wa Baba nikapima. Mita kumi na moja.

Nikaenda ofisi ya ardhi. Karani akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Mfumo unaonyesha hivi, mama." Nikamuuliza tangu lini. "Unaonyesha hivi tu." Sisi hatukuwahi kuweka ua, unajua, njia ndiyo iliyokuwa mpaka wetu. Baraza la mipaka linakaa tarehe 10 Aprili. Nisipopata ramani ya zamani inayoonyesha njia mahali pake, ukuta unapanda, pampu inakwenda, na bila pampu ile hakuna bustani. Kuna watu wangu watatu pale wanaotegemea kazi. Na wewe ulisomeshwa na bustani ile, usijifanye umesahau.

Ramani ni kazi yako, unajisifu nayo kila ukipiga simu. Basi nieleze imekulaje njia yetu.

Baba hajambo, anakusalimu.

Dada yako


9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, mbele ya wenzangu, na masikio yakaniwaka moto. Simu sikupokea kwa sababu wiki nzima tunahamisha ramani kwenda kwenye kompyuta mpya, na hata chakula tunakula juu ya kibodi. Sikukukimbia.

Kuhusu njia, nisikilize kwanza, hasira baadaye. Ramani yetu si picha. Ni orodha ya nukta. Njia yetu ni nukta ishirini na tatu zilizounganishwa, basi. Na mistari ya namna hiyo tunayo zaidi ya milioni tisa. Nilipoajiriwa nilikuta vurugu tupu: mtu akituma rekebisho hata la upana wa kiganja, mfumo ulitunza mstari wa zamani na mpya, kisha ukachora eneo zima upya. Hifadhi ikawa inajaa kila baada ya miezi miwili. Rekebisho la Jumatatu lilionekana Ijumaa, na gari la zimamoto liliwahi kuzunguka mtaa mzima kwa ajili hiyo.

Mimi ndiye niliyeigawa ramani katika miraba midogo, ili mraba mmoja ukiguswa mingine ilale. Na mimi ndiye niliyeweka kanuni ya mita tatu. Vifaa vya mkononi vya kupimia vyenyewe hukosea mita mbili, hata tatu, sasa kuna faida gani kutunza kila mtikisiko? Kwa hiyo rekebisho lisilofika mita tatu, likitumwa na mrekebishaji anayeaminika, linaingia moja kwa moja na kufuta mstari wa zamani. Halikaguliwi wala halitunziwi historia. Likifika mita tatu linakwenda kwa mkaguzi, na mstari wa zamani unabaki. Hifadhi ilipungua nusu, na rekebisho sasa linaonekana ndani ya saa moja. Nina barua ya pongezi ukutani kwa kanuni hiyo.

Nimetazama. Kwenye njia yetu hakuna rekebisho hata moja lililowahi kufika kwa mkaguzi. Njia haiwezi kuruka mita kumi na moja bila mimi kuona. Kwa hiyo samahani, Dada, ama njia ilikuwa hapo, ama umepima vibaya.

Msalimie Baba.

Mdogo wako


13 Machi

Mdogo wangu,

Nimepima vibaya!

Mimi, mtoto wa kwanza wa mpima, niliyeshika ncha ya pili ya utepe wake tangu nikiwa na miaka tisa, wakati wewe unabebwa mgongoni. Watu wote hapa wanamwita Mzee Kamba, na nusu ya mipaka ya kata hii niliiona ikiwekwa kwa macho yangu. Leo mtoto aliyejifunza kupima akiwa amekaa kwenye kiti ananiambia nimepima vibaya. Futa hayo maneno kama ulivyofuta njia.

Na hiyo barua ya pongezi ukutani, ikitazame vizuri. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu yako nimeielewa kuliko wewe. Umeweka mlinzi anayemkamata mtu anayeruka, halafu ukaacha mlango wazi kwa mtu anayetambaa. Mita mbili mwaka huu, mita mbili mwakani, na kila mara unamfutia nyayo zake mwenyewe! Ungekuwa unatunza ya zamani ungeona. Lakini ulitaka nafasi. Haya, nafasi umeipata, iko mita kumi na moja, njoo uitandike ulale.

Kuna mtu anayetambaa. Nadhani ni fundi vyuma, au ndugu yake, au mtu aliyemtafuta huko ofisini kwenu. Mtafute. Fungua kila kabati mlilonalo.

Leo nimechota maji kwa ndoo kutoka bomba la shule, safari ishirini na mbili, na miche ya parachichi imeanza kuinama. Sina mgongo mwingine wa kutumia.

Baba hajambo. Usimpigie kumuuliza mambo haya, usimsumbue.

Dada yako


20 Machi

Dada, shikamoo.

Ulikuwa sawa. Anatambaa.

Historia ya mstari hatunayo, hiyo ni kweli na ni kosa langu. Lakini kila mwisho wa mwaka tunatoa nakala nzima ya ramani na kuifungia chumba cha chini, kwa ajili ya moto au mafuriko. Hakuna anayezisoma. Nimezitoa nakala saba, nikaipandisha njia yetu ya kila mwaka juu ya ile ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza imesogea sentimita tisini. Wa pili, mita moja na nusu. Kisha moja na themanini, mbili kamili, mbili na ishirini, mbili na sitini. Jumlisha mwenyewe. Haikuwahi kufika mita tatu, kwa hiyo mfumo haukuwahi kuniita.

Nilifurahi, Dada, ukweli nilifurahi, nikasema sasa mwizi nimemshika. Nikatafuta mtumaji. Hakuwa fundi. Aliyetuma marekebisho yote sita ni mrekebishaji anayeaminika, wa daraja la kwanza, wa kata yetu, na huyo, kama unavyojua, ni Baba. Mimi ndiye niliyemwandikisha alipostaafu, nikamtumia kile kifaa, ili apate cha kufanya asife kwa kukaa.

Nikadhani kuna mtu ameiba kifaa chake. Nikatoa mistari mingine aliyotuma, njia na mipaka ya watu, jumla mia mbili na kumi na minne. Yote imesogea. Na yote imesogea upande mmoja, Dada. Akitembea kwenda juu inasogea kulia kwake, akirudi inasogea kulia kwake. Mwizi hawezi kuiba hivyo. Huyu ni mtu anayekwepa kitu asichokiona upande wa kushoto.

Halafu nikakumbuka kifaa kinavyofanya kazi. Kinalia ukitoka nje ya mstari uliomo kwenye ramani. Mtu anayeona hutazama njia, na mlio ni wa kumkumbusha tu. Mtu asiyeona vizuri hufuata mlio. Kila mwaka Baba alifuata mlio wa mstari wa mwaka uliopita, akaegemea kulia kidogo, akatuma, na mimi nikafuta wa zamani. Mwaka uliofuata mlio ulianzia pale alipoishia.

Kwa miaka minne sijafika nyumbani, hilo najua, usinikumbushe. Lakini katika miaka hiyo minne kila simu na kila barua imeishia na maneno mawili: Baba hajambo. Nakuuliza sasa, na usinizungushe. Jicho la kushoto la Baba likoje?

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Halipo. Limekwenda mwaka wa saba sasa. Na la kulia lilianza kufuata miaka mitatu iliyopita. Anaona mwanga, anaona mtu akipita mlangoni, hajui ni nani mpaka aseme.

Umefurahi? Nimesema.

Alinikataza. Alisema ukijua utamnyang'anya kile kifaa. Alikuwa akikishika mkononi anasimama wima, anavaa kofia yake ya kazi, watu wanamsalimia "Mpima!" naye anaitikia. Akirudi nacho anakula vizuri siku tatu. Wewe ungekuwa hapa ungemwambia akirudishe? Usingemwambia. Ila hukuwa hapa, kwa hiyo ni rahisi kwako kuniuliza maswali ya polisi.

Kuna jingine, na nimekaa na kalamu hii tangu mchana nikilikimbia. Mwaka ule wa kwanza alijikwaa kwenye mifuko ya miche akaanguka, akachubuka goti. Aliona aibu, akasema nimepanga vibaya. Mwaka uliofuata, siku moja kabla hajatoka, nikaisogeza mifuko ili apate pa kupita. Na uliofuata tena. Kila mwaka nilitazama anapoelekea, nikasogeza. Mwaka jana alipita upande wa pili wa pampu, mdogo wangu. Nilisimama pale na mikono yangu miwili nikamtazama anapita upande wa pili wa pampu, nikasema moyoni, mwache, ni matembezi tu, anadhuru nini? Sikujua matembezi yake ndiyo ramani. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kanuni inayomfuata nyuma ikifuta.

Nimemkasirikia fundi, karani na wewe, sasa sijui nimkasirikie nani, na hasira bado ninayo.

Nisikilize. Una zile nakala. Chukua mstari wetu wa zamani, urudishe mahali pake, wetu tu. Ukitaka unaweza, ulishasema linaingia ndani ya saa moja. Baraza likikaa litaona njia iko sawa, ukuta unabomolewa, Baba anabaki Mzee Kamba. Ile mistari mingine mia mbili sijui ni ya nani na sitaki kujua. Nani atajua?

Baba anakusalimu.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo itakuja nikipoa.

Nitajua mimi. Unaniambia nirudishe njia yetu, halafu niwaache watu mia mbili wabishane kwenye mipaka aliyoisogeza Baba yetu? Kuna wengine wameshajenga. Kuna mama mmoja, nimeona kwenye ramani, choo chake sasa kiko kwa jirani. Yeye hana mdogo wake ofisini. Ukinitaka nifanye hivyo, basi karani aliyekugeuzia kioo ana utu kuliko mimi.

Na usidhani nasema haya kwa sababu mimi ni msafi. Kila mwaka mrekebishaji wa daraja la kwanza anatakiwa kupimwa macho, kisha atembee mstari wa majaribio mbele ya mkaguzi. Mimi ndiye ninayepokea fomu hizo. Fomu ya Baba haikuwahi kuja. Nilikuwa naweka alama ya "amepimwa" mwenyewe, nikisema huyu ni Mzee Kamba, nani atampima? Nimeweka mara sita. Wewe ulisogeza mifuko, mimi nilisogeza fomu. Nikirudisha yote, wataniuliza fomu ziko wapi, na hapo sijui kama kiti changu kitabaki.

Kwa hiyo usinifundishe uchungu. Ninao wangu. Lakini kurudisha mmoja kimyakimya siwezi. Na kurudisha yote bila kumwambia Baba siwezi pia, na siwezi kumwambia kwa simu. Sijui nifanyeje. Nina siku kumi na tatu.

Mdogo wako


31 Machi

Wanangu,

Nimemwomba yule dada wa posta bahasha mbili, moja yako wewe wa ofisini, na nakala yako wewe wa bustanini, ingawa unalala chumba cha pili. Naandika nimeweka rula chini ya kila mstari. Mistari ikipandana, mvumilie.

Binti yangu alinisomea barua ya tarehe ishirini na nane. Alisoma "Dada", akavuta pumzi, akasoma habari za hali ya hewa. Mimi nimesomewa vipimo kwa miaka thelathini na moja, porini na kwenye matope. Sauti ya mtu anayeruka tarakimu naijua kuliko sauti ya mlango wangu. Nikampelekea barua mwalimu wa shule, akanisomea yote. Barua zako zote, wewe wa ofisini, tangu ya kwanza.

Nimekasirika. Sijawahi kukasirika hivi tangu mama yenu alipokufa. Mnaandikiana juu yangu kana kwamba mimi ni mtaro, mnabishana mnirukie wapi. Wewe unasogeza mifuko nisianguke, wewe unaweka alama nisipimwe, na katikati yenu mimi natembea na kofia kichwani kama kichekesho. Mlinionea huruma. Nani aliwaomba? Ningeanguka mara ya pili ningekaa chini nikakubali. Hamkuniacha nianguke.

Na sasa langu, maana siwaachii ninyi peke yenu. Nilijua. Si mita kumi na moja, hizo sikujua. Lakini tangu mwaka wa pili nilijua kwamba siioni njia, nasikia mlio tu. Nikajidanganya kwamba kifaa kinaona kwa niaba yangu. Kumbe kilikuwa kinanifuata mimi, na mimi ninakifuata. Kila nilipokisikia kikilia nilikuwa bado mpima. Ningekirudisha, ningekuwa mzee anayeota jua barazani. Niliona aibu kuliko nilivyoona njia.

Sasa sikilizeni. Wewe wa ofisini, rudisha yote mia mbili na kumi na minne. Usichague wa kwetu. Andika sababu, tena iandike waziwazi: mpima haoni. Usiandike hitilafu ya kifaa. Kifaa hakina kosa. Na kuhusu fomu, kaseme mwenyewe kabla hujaulizwa.

Wewe wa bustanini, tarehe kumi unipeleke barazani. Nitasema kwa mdomo wangu. Ukijaribu kunisemea nitakunyamazisha mbele za watu.

Baba yenu


5 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyosema. Mistari yote mia mbili na kumi na minne imerudi ilipokuwa kabla hujaigusa. Ilichukua dakika arobaini. Pale penye sababu niliandika "mpima haoni", nikaifuta mara mbili, nikaandika tena. Kisha nikaenda kwa mkuu nikamwambia habari za fomu. Amenisimamisha kazi mwezi mmoja, na baadaye wataamua. Kanuni ya mita tatu imeondolewa. Kuanzia sasa kila mstari wa zamani unatunzwa, hata ukisogea upana wa kiganja. Hifadhi itajaa, na watatafuta hifadhi nyingine.

Nimekasirika nawe pia, Baba, miaka sita ulinitumia salamu na hukunitumia ukweli. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Mwalimu akisoma hapa, asiruke.

Mwanao


12 Aprili

Mdogo wangu,

Baraza limekwisha. Nakueleza kama lilivyokuwa.

Fundi vyuma aliongea kwanza, akaonyesha ramani ya siku aliponunua, na hakusema uongo hata neno moja. Halafu wakafungua ramani ya sasa, njia ikawa imerudi kando ya mtaro. Watu wakaanza kunong'ona kwamba una mkono wako humo. Nikainuka kusema, Baba akanivuta sketi nikakaa.

Akasimama peke yake. Akavua kofia ya kazi akaiweka mezani kwa mwenyekiti, akapapasa kwanza meza iko wapi, na hapo kila mtu akaona. Akasema, "Mimi ndiye niliyesogeza njia. Macho yangu yamekwisha miaka mingi na nilinyamaza. Yeyote ambaye mpaka wake nimeugusa tangu hapo, ni mimi, si mwanangu, na si huyu fundi." Kisha akasimama tu, hakukaa, mpaka mwenyekiti alipomwambia, "Kaa, mzee wangu."

Ukuta utabomolewa, pampu imerudi. Fundi hanisalimii, na kwa kweli simlaumu, amepoteza kazi ya mwezi kwa kosa la nyumbani kwetu. Nimekwenda kumwomba radhi, akanisikiliza amenipa mgongo, huku akisugua chuma.

Jana wamekuja watu watano getini kumfokea Baba. Mmoja ni yule mama wa choo. Amesema maneno ambayo sitayaandika. Nilitaka kuwafukuza, Baba akasema niwaletee kiti, waingie mmoja mmoja. Amekaa nao mpaka saa kumi jioni. Hakuna aliyemwita Mpima. Walipoondoka akasema ana njaa, akala sahani mbili.

Bado nimekukasirikia. Nimemkasirikia na yeye. Nadhani tutakaa na hasira hii muda, na afadhali hii kuliko zile salamu nilizokuwa nakutumia. Baba hajambo, ndivyo nilivyozoea kuandika. Leo naandika kwamba Baba haoni, na mguu wa kulia unamuuma, na jana alilia.

Kifaa nimekifunga kwenye boksi, utakichukua mwenyewe. Baba anasema kata nzima lazima ipimwe upya na mtu anayeona, na kwa kuwa wewe huna kazi mwezi huu, unakuja. Yeye atashika ncha ya pili ya utepe. Mtaanzia kwenye njia yetu. Nimeshaipanga mifuko ya miche pembeni mwake, mpaka ukingoni kabisa. Safari hii akijikwaa ataanguka, nasi tutamwinua. Sisogezi hata mmoja.

Dada yako